Safari Kwenye Barafu: Meli za Utalii katika Visiwa vya Svalbard na Mtihani wa Msamiati wa Kiswahili

Utangulizi

Ni jambo linalofahamika kwa wapenzi wa lugha kuwa neno safari, ambalo Kiswahili kililichota kutoka Kiarabu na kulifanya lake, limevuka mipaka ya Afrika Mashariki na kuingia katika lugha nyingi za ulimwengu. Jambo lisilofahamika sana ni umbali wa mvuko huo. Huko Norwe, mtu anayetaka kupanda mashua ili akawatazame nyangumi hununua tiketi ya hvalsafari, yaani safari ya nyangumi. Neno limefika katika bahari zenye barafu likiwa zima kimatamshi lakini limepungua kimaana. Mswahili akitoka Lamu kwenda Mombasa kumzika shangazi yake, amesafiri. Kwa Mnorwe, safari sharti iwe na mnyama wa kutazamwa.

Makala haya yananuia kueleza safari za namna hiyo zinavyoendeshwa katika visiwa vya Svalbard, ambako meli ndogo za utalii huwapeleka watu kuwaona dubu weupe na mito ya barafu inayoishia baharini. Huenda msomaji akajiuliza jambo hili linamhusu nini mwanafunzi wa Kiswahili. Linamhusu kwa njia mbili. Kwanza, ni somo la jiografia ambalo vitabu vyetu vya shule huligusa kwa mbali tu. Pili, kila anayejaribu kulieleza kwa Kiswahili hugundua mara moja kuwa amekabiliwa na mtihani wa msamiati, na mtihani huo haukuanza jana. Ulianza katika nyanda za Kilimanjaro mnamo 1848, kama itakavyobainika hapa chini.

Svalbard: mahali na majina yake

Svalbard ni funguvisiwa lililo katika Bahari ya Aktiki, baina ya nyuzi 74 na 81 kaskazini mwa ikweta. Kisiwa kikubwa zaidi huitwa Spitsbergen. Eneo zima ni takriban kilomita mraba 61,000, na zaidi ya nusu ya eneo hilo imefunikwa na barafu isiyoyeyuka mwaka mzima. Mji mkuu, Longyearbyen, una wakazi wapatao 2,500 na uko kilomita 1,300 hivi kutoka Ncha ya Kaskazini. Kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi kabisa. Kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi tarehe 23 Agosti halitui. Mgeni aliyezoea saa za Kiswahili, ambazo huhesabiwa kwa kuchomoza na kutua kwa jua, atapata taabu huko: saa moja ya asubuhi ni ipi pahali ambapo asubuhi ilianza mwezi wa Aprili?

Ni muhimu kukumbuka kwamba Svalbard haina wenyeji wa asili. Hakuna jamii iliyoishi humo tangu jadi ikazipa milima na hori majina ya kwao, kama Wainuit walivyofanya Greenland na Kanada. Kwa sababu hiyo ramani yake ni mkusanyiko wa majina ya wageni. Mholanzi Willem Barentsz alipoviona visiwa hivyo mwaka wa 1596 alikiita kile kikubwa Spitsbergen kwa sababu ya vilele vyake vilivyochongoka. Wavuvi wa nyangumi waliomfuata katika karne ya 17 waliacha majina yao pia, na mafuta. Mahali paitwapo Smeerenburg, jina linalomaanisha mji wa mafuta, ndipo Waholanzi walipokuwa wakiyachemsha manofu ya nyangumi katika masufuria makubwa ya shaba. Nyangumi waliowindwa hapo, jamii ya wale wakubwa wenye vichwa vilivyopinda mithili ya uta, walikaribia kumalizwa. Mmoja wao anaweza kuishi zaidi ya miaka 200 akiachwa.

Msomaji wa ramani ya Svalbard anahitaji viambishi vitatu tu vya Kinorwe ili aweze kujiongoza. Jina linaloishia kwa -breen ni la mto wa barafu, linaloishia kwa -fjorden ni la hori, na linaloishia kwa -øya ni la kisiwa. Hivyo basi Monacobreen ni mto wa barafu uliopewa jina kwa heshima ya Albert wa Kwanza, mtawala wa Monaco aliyefanya uchunguzi wa bahari huko mwanzoni mwa karne ya 20. Lugha ya Norwe, kama Kiswahili, hupenda kubandika.

Mkataba uliotiwa saini jijini Paris tarehe 9 Februari 1920, na kuanza kutekelezwa mwaka wa 1925, uliipa Norwe mamlaka juu ya visiwa hivyo. Hata hivyo, raia wa mataifa yaliyoukubali mkataba huo walipewa haki ya kufanya shughuli za kiuchumi humo kwa usawa. Shughuli iliyotamalaki ilikuwa uchimbaji wa makaa ya mawe. Longyearbyen yenyewe ni zao la makaa: ilianzishwa na kampuni ya Mmarekani John Munro Longyear mwaka wa 1906. Warusi waliuhama mji wao wa Pyramiden mwaka wa 1998, na mgodi wa mwisho wa Wanorwe ulifungwa katikati ya 2025. Kilichobaki kuulisha mji ni sayansi, elimu na watalii.

Meli na maisha ya ndani yake

Utalii wa meli huko si mpya, lakini aina ya meli zinazozungumziwa hapa ina asili inayojulikana. Lars-Eric Lindblad, mzaliwa wa Uswidi aliyefanyia biashara yake Marekani, aliwapeleka watalii wa kawaida Antaktika mwaka wa 1966. Miaka mitatu baadaye alizindua meli ndogo iliyoundwa mahususi kwa kazi hiyo. Wazo lake lilikuwa kwamba abiria awe kama mwanafunzi: asikilize mihadhara ya wanasayansi melini, kisha ashuke kwa mashua ndogo akajionee. Meli hiyo ilifanya kazi kwa karibu miaka 40. Tarehe 23 Novemba 2007 ilitobolewa na barafu karibu na Antaktika ikazama, na watu wote 154 waliokuwemo wakaokolewa.

Huko Svalbard, msimu wa meli huanza Mei na kuisha Septemba. Abiria husafiri kwa ndege kutoka Oslo kwa muda wa saa tatu hivi, wakapandia melini Longyearbyen. Meli nyingi za aina hii hubeba watu wasiozidi 200, na nyingine hubeba chini ya 50. Pwani ya magharibi hufikika kwa wepesi kwa kuwa tawi la mwisho la mkondo wa maji moto kutoka Atlantiki hupita hapo na kuizuia bahari isigande. Upande wa mashariki hakuna mkondo kama huo, na nahodha hulazimika kusoma ramani za barafu za kila siku kabla ya kuamua njia. Ratiba iliyochapishwa kwenye karatasi, kwa hivyo, ni nia tu. Barafu ikikataa, meli hugeuza omo.

Kabla ya kushuka ufukoni kwa mara ya kwanza abiria husafisha viatu na mifuko ya nguo ili wasiingize mbegu za mimea ya kigeni. Kisha huvaa jaketi okozi na kuingia katika mashua za mpira, watu kumi hivi kwa kila mashua. Waelekezi hutangulia. Kila kundi husindikizwa na watu wenye bunduki, pamoja na bastola za kurusha miale ya kumtishia dubu. Abiria hawaruhusiwi kutawanyika. Kwa mtu aliyezuru Maasai Mara, ambako mtazamaji hukaa ndani ya gari na mnyama hutembea nje, utaratibu huu ni kinyume: hapa mtazamaji ndiye aliye nje, na asipoangalia vyema ndiye atakayetazamwa.

Barafu na majina yake

Sasa tuingie katika kiini cha mambo. Kiswahili kina maneno mawili ya msingi: theluji, lililotoka Kiarabu, na barafu, lenye asili ya Kiajemi. Yote mawili ni ya kukopa, na hilo si ajabu kwa lugha ya pwani ya ikweta. Theluji hudondoka kutoka angani, nayo barafu ni maji yaliyoganda. Maneno haya yanatosha mtu akiwa jikoni. Yakipelekwa Svalbard yanaanza kulemewa.

Zingatia mfano wa kwanza. Theluji ikirundikana mwaka baada ya mwaka bila kuyeyuka, ile ya juu huikandamiza ya chini hadi hewa iliyo baina ya chembe zake inaminywa na kufungiwa katika viputo vidogo. Rundo hilo hugeuka kuwa barafu ngumu. Uzito wake ukizidi, barafu huanza kuporomoka polepole kufuata bonde, mithili ya uji mzito uliomwagwa kwenye sinia lililoinamishwa. Huo ndio mto wa barafu. Baadhi ya waandishi wameanza kutumia neno barafuto, lililoundwa kwa kuunganisha barafu na mto. Ni uundaji mzuri. Neno ni fupi, linatamkika, na linakubali ngeli bila ugomvi. Udhaifu wake ni kwamba silabi -to, ikiwa peke yake, haimwambii msikilizaji kuwa ni mto. Hata hivyo, lugha imejaa maneno ambayo viungo vyake vimesahaulika na bado yanafanya kazi, kwa hivyo makala haya yanalipendelea.

Kuna pia kuba za barafu, ambazo si mito kwa kuwa hazifuati bonde moja bali hukifunika kisiwa kama kawa linavyokifunika chakula. Iitwayo Austfonna, katika kisiwa cha Nordaustlandet, ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 8,000. Ukingo wake wa kusini huishia baharini kwa ukuta mrefu ambao meli husafiri kando yake kwa saa nyingi bila kuona mwisho. Wakati wa kiangazi maji yaliyoyeyuka hububujika kutoka juu ya ukuta na kuanguka baharini kama maporomoko. Sehemu mojawapo ya kuba hiyo, Bråsvellbreen, ilijisukuma ghafla baharini kwa kilomita nyingi katika miaka ya 1930, kisha ikatulia. Barafuto kadhaa za Svalbard zina tabia hiyo: hulala kwa miongo, huamka, hulala tena.

Mfano wa pili ni kipande kikubwa kinachomeguka kutoka barafuto na kuelea. Kamusi nyingine hukiita siwa barafu. Siwa ni kisiwa kikubwa, ingawa msomaji wa historia ya Lamu na Pate atafikiria kwanza ile baragumu ya pembe ya ndovu. Tatizo si utata huo tu. Kisiwa hakihami, ilhali kipande hiki husafiri, hupinduka, hupasuka, na takriban sehemu tisa kati ya kumi za mwili wake zimo chini ya maji. Wapo wanaosema mlima wa barafu, na hao wana tatizo lilo hilo. Pengine jibu liko katika msamiati wa mabaharia wetu wenyewe, ambao wana maneno tele ya vitu vinavyoelea na kupeperushwa na mikondo. Hadi leo hakuna aliyekwenda kuwauliza.

Mfano wa tatu ndio wenye uzito zaidi. Barafu ya barafuto ilitokana na theluji, kwa hivyo ni maji matamu. Barafu ya bahari ni maji ya chumvi yaliyoganda juu ya bahari yenyewe, na unene wake aghalabu ni mita moja au mbili. Kiswahili huziita zote barafu. Tofauti hii si ya wanaisimu pekee. Barafu ya bahari ikiyeyuka, kina cha bahari hakipandi kwa kiasi cha kuonekana, maana ilikuwa tayari inaelea. Ile ya nchi kavu ikiyeyuka, maji mapya huongezeka baharini, na bahari hiyo ni moja na ile inayopiga kuta za Mji wa Kale wa Mombasa. Mwanafunzi anayesoma habari kwamba barafu inayeyuka, pasi na kuambiwa ni ipi, hajaelezwa chochote.

Abiria wa meli hawana shida ya kuzitofautisha, kwani huzisikia. Mashua ya mpira ikizimwa injini katikati ya vipande vilivyomeguka, maji yote yanayoizunguka hutoa sauti ya mchatuko, kama mafuta yanayokaangiwa. Hivyo ni viputo vya hewa ya kale vinavyopasuka barafu inapoyeyuka. Rangi nayo hushangaza: barafu iliyokandamizwa sana hunyonya mwanga mwekundu na kuuachia wa buluu, na ndiyo maana mipasuko ya barafuto huonekana kama imetiwa rangi ya samawati kwa ndani. Kisha hutokea mmeguko wenyewe. Kwanza huja mshindo unaofanana na radi, halafu ukuta huachia, halafu wimbi. Tarehe 8 Agosti 2007 meli moja iliikaribia mno barafuto ya Hornbreen, kusini mwa Spitsbergen. Vipande vikaanguka, wimbi likaitikisa meli na barafu ikarushwa hadi sitahani. Zaidi ya watu kumi walijeruhiwa.

Hapa ndipo inapofaa kurudi Kilimanjaro. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetokea Rabai, aliuona mlima wenye kilele cheupe. Alipomuuliza kiongozi wa msafara wake ule weupe ni nini, alijibiwa kwa neno moja: baridi. Wanajiografia wa London, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, walimkejeli Rebmann kwa miaka mingi kwa kudai kuwa kuna theluji karibu na ikweta. Hata Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka uliofuata, ubishi haukuisha. Kiongozi yule wa msafara mara nyingi husimuliwa kama mtu aliyekosa neno. Lakini je, alikosa? Hakuitaja rangi wala umbo, alitaja jambo ambalo mtu aliyekaribia kilele hulihisi mwilini. Na jina Svalbard, katika lugha ya kale ya Waskandinavia, maana yake ni ukingo wa baridi. Mabaharia wa kaskazini, waliokuwa na maneno chungu nzima ya barafu, walifanya uchaguzi ule ule.

Wanyama

Mtalii hulipa, kwanza kabisa, kwa ajili ya dubu. Dubu mweupe dume huweza kufikisha kilo 600 au zaidi. Manyoya yake hayana rangi. Huonekana meupe kwa sababu ya jinsi yanavyotawanya mwanga, na ngozi iliyo chini yake ni nyeusi. Chakula chake kikuu ni sili, ambao huwavizia kwenye matundu ya kupumulia katika barafu ya bahari. Sentensi hiyo fupi inabeba maisha yake yote, maana pasipo barafu ya bahari hakuna pa kuvizia. Majike wenye mimba huchimba mapango katika theluji wakati wa majira ya baridi, huzaa humo, na hutoka na watoto, mara nyingi wawili, mwezi wa Machi au Aprili. Barafu ya bahari inapochelewa kufika kwenye visiwa vya kuzalia, majike hushindwa kuvifikia. Katika miaka ya karibuni watafiti wamewaona dubu wa Svalbard wakila mayai ya ndege na hata kuwakimbiza renidia. Wapo wanaouona huo kuwa werevu, na wapo wanaouona kuwa njaa.

Uwindaji wa dubu ulipigwa marufuku Svalbard mwaka wa 1973, mwaka ule ule ambao mataifa matano ya Aktiki yalitia saini mkataba wa kumhifadhi jijini Oslo. Utalii basi ulimkuta dubu akiwa amekwisha kulindwa dhidi ya risasi. Haukumkuta amelindwa dhidi ya watazamaji. Tarehe 28 Julai 2018, katika visiwa vidogo vya kaskazini viitwavyo Sjuøyane, dubu alimshambulia mlinzi aliyetangulia kushuka kutoka meli ya utalii, akamjeruhi kichwani. Wenzake wakampiga dubu risasi akafa. Picha ya mzoga ilizunguka dunia nzima, na watu wengi waliokuwa hawajawahi kuisikia Svalbard waliuliza swali moja: nani alimfuata mwenzake?

Walrasi ana historia nyingine. Aliwindwa kwa takriban karne tatu na nusu kwa ajili ya mafuta, ngozi na yale meno yake mawili marefu. Alipopewa ulinzi mwaka wa 1952 walikuwa wamebaki wachache mno. Leo wamerudi katika fuko zao za zamani, na hulala wakiwa wamelundikana kama magunia bandarini. Kiswahili hulitaja jino la ndovu kuwa pembe, kwa hivyo walrasi naye anastahili kusemwa kuwa ana pembe, ingawa mwanabayolojia atanung'unika. Mtihani mgumu zaidi ni wa renidia. Wengine humwita kulungu wa Aktiki. Kulungu dume wa misitu yetu huota pembe ambazo zikishaota hukaa hadi kufa, naye renidia huangusha zake kila mwaka na kuotesha nyingine. Kumwita kulungu ni kumpa mgeni jina la jirani kwa sababu tu wamevaa kofia zinazofanana.

Ndege ndio wanaowashangaza abiria waliokuja kwa ajili ya dubu. Kwenye majabali ya Alkefjellet, katika mlango wa bahari uitwao Hinlopen, makumi ya maelfu ya ndege weusi wenye matumbo meupe husimama wima bega kwa bega katika vikingo vyembamba. Wageni wengi huwadhania pengwini. Pengwini hawapo kaskazini, hata kama vitabu vya watoto huwachora wakicheza na dubu. Hawa huruka, japo kwa shida. Makinda yao huruka kutoka jabalini kabla mabawa hayajakomaa: huanguka mita nyingi hadi majini, na baba ndiye huogelea nao kuelekea bahari kuu. Wasiofika majini huangukia kwenye miguu ya mbweha, naye hujua tarehe.

Ulinzi na utata wake

Ukinzani ulio ndani ya safari hizi hauhitaji darubini. Mtu huruka kutoka bara jingine na kupanda meli inayochoma mafuta ili aione barafu ambayo moshi wa mafuta unaiyeyusha. Longyearbyen ilirekodi nyuzi 21.7 za selisiasi tarehe 25 Julai 2020, kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kufikiwa hapo. Hata Hifadhi ya Mbegu ya Dunia, iliyochimbwa ndani ya mlima karibu na mji huo ili baridi ya ardhi iitunze, iliingiwa na maji kwenye mlango wa handaki lake mwaka wa 2016 baada ya hali ya joto isiyotarajiwa. Mbegu hazikuguswa. Wakenya wana sababu ya kuikumbuka hifadhi hiyo: ilipofunguliwa tarehe 26 Februari 2008, Profesa Wangari Maathai alikuwa pamoja na waziri mkuu wa Norwe, Jens Stoltenberg, katika kuiweka shehena ya kwanza. Mbegu kutoka Kenya ni miongoni mwa zilizomo. Abiria wa meli hupelekwa hadi mlangoni, wakapiga picha, wakarudi.

Wenye meli hujitetea kwa hoja kwamba aliyeiona Aktiki kwa macho yake hurudi kwao akiwa mtetezi wake. Hoja hiyo ina ukweli kiasi, lakini haipimiki kwa urahisi, na inafanana mno na matakwa ya mwenye duka. Ni haki kukiri, kwa upande mwingine, kwamba wenye meli ndogo walijiwekea kanuni mapema. Waliunda muungano wao mwaka wa 2003 na kuandika miongozo ya umbali, ukimya na usafi kabla serikali haijawalazimisha.

Serikali ya Norwe hatimaye ililazimisha. Mafuta mazito ya meli, ambayo yakimwagika katika maji ya baridi hukaa muda mrefu, yalipigwa marufuku katika maji yote ya Svalbard kuanzia 2022. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025 masharti yalikazwa zaidi. Hakuna anayeruhusiwa kumkaribia dubu chini ya mita 300, na kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni umbali huo ni mita 500. Meli inayoingia katika maeneo yaliyohifadhiwa haipaswi kubeba abiria zaidi ya 200. Katika maeneo hayo kushuka ufukoni kunaruhusiwa mahali 43 tu palipotajwa. Wenye meli walilalamika kwamba kuwarundika watalii wote katika fuko chache kutazikanyaga fuko hizo zikaisha. Wengine wakauliza, si bila mantiki, ni nani atakayepima mita 300 mahali ambapo hakuna mti wala nguzo. Jibu ni kwamba waelekezi hubeba vipimaumbali vya miale, na abiria humwona dubu kama doa la rangi ya maziwa ya mgando juu ya weupe ulio safi zaidi. Waliolipa pesa nyingi ili wapate picha ya uso wake hurudi wamenuna.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, mjadala huu wa barafu inayokwisha si wa mbali. Barafuto ya Lewis, iliyo kubwa kuliko zote katika Mlima Kenya, ilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake kati ya 1912 na 2007. Wapagazi na waelekezi wa milima hiyo, ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kazi, wamekuwa wakitembea juu ya barafu hizo kizazi hadi kizazi. Bila shaka wana maneno ya mipasuko, ya ukoko unaovunjika chini ya kiatu, ya theluji ya alfajiri isiyoshika. Mtafiti wa istilahi anayetaka kuikusanya orodha hiyo hahitaji tiketi ya Svalbard. Anahitaji daftari, viatu vizuri na nauli ya kufika Naro Moru au Marangu, na anahitaji kwenda upesi.

Huko kaskazini, mwishoni mwa Septemba usiku huwa umekwisha kurejea na hori za mashariki huanza kuganda. Meli huondoka moja baada ya nyingine. Nyingi kati yake huelekea Antaktika, ambako kiangazi kinakaribia, kwenda kuwasubiri abiria wengine. Buabua wa Aktiki, ndege mdogo ambaye majira ya joto huwarukia vichwani wapitao karibu na kiota chake mjini Longyearbyen, huwa ametangulia. Naye huenda huko huko, akiambaa na pwani ya magharibi ya Afrika bila kutua sana, na mwezi wa Mei hurudi.